Mahari Niliyoitaka Mimi

Ndugu msomaji, kila Ijumaa tukitoka msikitini hapa Gongo la Mboto, sisi wazee huketi barazani tukawasema vijana. Tunasema vijana hawataki kuoa. Tunasema mabinti wanachukuliwa na kuwekwa vyumbani bila ya nikahi, na mji umekwisha kuipa hali hiyo jina la mzaha, "sogea tuishi". Husemwa hayo kwa uchungu, na mimi nimeyasema kuliko wengi, kwani sauti ninayo na umri unaniruhusu. Leo nataka kuwaacha vijana kidogo. Nataka kueleza jambo nililolitenda mwenyewe nyumbani kwangu, nikiwa baba na walii wa binti yangu, ili mwenye binti anayesoma haya apate kujipima kabla mshenga hajabisha hodi mlangoni pake.

Nilihamia huku mwaka 1974 nikitokea vijiji vya Kisarawe. Wakati ule Gongo la Mboto ilikuwa shamba. Palikuwa na mikorosho, miembe na mihogo; reli ya kati ikipita kwenda Pugu na bara; na barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ndiyo iliyotupeleka kazini. Mjini ni mwendo wa kilomita zipatazo 20, lakini mimi sikuwa na haja ya kufika huko, maana nilipata kazi katika kiwanda kimoja kando ya barabara hiyo hiyo. Mshahara wangu haukufika shilingi 500 kwa mwezi. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na siku yake, na siku hiyo ikifika ulikuwapo.

Nilioa mwaka 1976. Baba yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo mjomba wangu ndiye aliyepeleka posa. Ilikwenda barua ndani ya kitambaa cheupe, ikarudi na majibu: mahari shilingi 600, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mjomba alitoa shilingi 200, mimi nikatoa 200, na zilizobaki zikawa deni juu yangu. Nikahi ilifungwa baada ya Alasiri. Mbuzi alitoka Kisarawe, na mchele uliletwa na majirani, kila nyumba kibaba chake katika ungo, bila ya mtu kuandikwa jina. Baada ya miezi mitano nilimkabidhi mke wangu mkononi zile shilingi 200 nilizokuwa nadaiwa. Akaziongezea za kwake, akanunua cherehani ya mkono iliyokwisha tumika. Cherehani hiyo msomaji asiisahau, kwani itarudi katika habari yangu.

Wazee wenzangu wanapozisimulia ndoa za zama zile huzisimulia kwa kujisifu, kama kwamba sisi tulimcha Mungu zaidi. Mimi nimekwisha kulifikiri jambo hili kwa miaka mingi na sioni hivyo. Tulioa mapema kwa sababu kijana wa shilingi 450 alijua mwisho wa mwezi atakuwa na nini. Kodi ya chumba aliiweza. Mjomba alikuwapo wa kutoa sehemu ya mahari, na mjomba mwenyewe alikuwa na korosho zake za kuuza. Wazazi wa binti walikuwa na shamba lao, hawakungoja posa ndipo wale. Ndoa ilikuwa mzigo uliobebwa na mabega mengi, na kila bega lilikuwa na nguvu yake kidogo.

Kisha zama zikageuka. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilituachia ushindi na hazina tupu. Miaka ya mwanzo ya 1980 tulipanga foleni za sukari, sabuni na unga. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani na milango ya biashara ikafunguliwa. Vitu vikajaa madukani tukashangilia, nasi tulikuwa na haki ya kushangilia, maana tulikuwa tumechoka kufua kwa majani ya mpapai. Lakini mshahara haukuweza kuvifuata vitu vile. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakauzwa na mengine yakafungwa, na mwaka 1996 mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Kiinua mgongo nilikimalizia paa la nyumba na ada za watoto. Tangu siku hiyo nyumba yangu iliendeshwa na mke wangu, kwa vitumbua vya asubuhi na ushoni wa jioni, nami nikabaki kuitwa baba mwenye nyumba.

Vijana waliokua nyuma yetu hawakuukuta ule mwisho wa mwezi. Wameikuta deiwaka, kazi ya siku moja moja: kubeba zege, kusukuma mkokoteni, kuuza karanga na soksi, na baadaye bodaboda. Mtu wa namna hiyo huenda akapata leo kuliko nilivyopata mimi kiwandani, lakini kesho yake haina ahadi. Ukimwambia, "Lete mahari baada ya miezi sita," humwambii muda, unamwambia bahati nasibu. Na wajomba nao wamechoka. Wengine wamekwisha kuuza mashamba yao kwa viwanja, fedha zikaliwa, na wao wenyewe sasa wamepanga.

Uchumba nao ukabadilika sura. Zamani kijana alikuwa hana la kumpa binti ila salamu na kanga moja ya Idi. Mwaka 2008 ilipoingia M-Pesa nchini, mapenzi yakapata lugha mpya. Binti akiombwa aje waonane husema, "Tuma nauli," na aliye mwerevu huongeza, "na ya kutolea," yaani yale makato ya kuzitoa fedha kwa wakala. Wanaume huchekeshana vijiweni kwa hadithi za nauli zilizotumwa na mtu asitokee. Mimi nami nilikuwa nacheka, mpaka siku moja nilipoiona simu mpya mkononi mwa binti yangu mdogo, nikanyamaza. Katika nyumba yetu hapakuwa na mwenye fedha za simu ile. Nilijua imetoka kwa mwanamume. Nilijua vile vile kwamba sukari tuliyonywea chai wiki ile imenunuliwa na yeye binti, naye hakuwa na kazi. Baba asiyeuliza sukari imetoka wapi hana uso wa kuuliza simu imetoka wapi.

Msomaji asidhani kwamba nawatetea wanaochezea heshima zao. Nasema kwamba njaa ikiingia nyumbani huanza kula sitara. Kijana wa rika la binti ana mapenzi na hana kitu. Mtu mzima mwenye gari ana kitu, na mara nyingi ana mke kwake. Yule wa kwanza tunamfukuza mlangoni kwa hesabu tusiyomwezesha kuitimiza, na huyu wa pili hahitaji kupita mlangoni. Hivyo sisi wenyewe tunamfungia mwenye nia njema na kumwachia njia asiye na nia.

Sasa nafika kwenye langu.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika maghala ya silaha ya kambi ya jeshi hapa petu. Watu zaidi ya 20 walikufa, Mwenyezi Mungu awarehemu, na maelfu walikimbia usiku ule, wengine wakalala Uwanja wa Uhuru. Mama yangu mzazi alikuwa hai, mkongwe, haoni na hawezi kutembea. Nilimbeba mgongoni hatua chache, pumzi ikaniishia. Pale akatokea kijana mmoja mwuza maji, aliyekuwa akizungusha madumu mtaani kwetu kwa mkokoteni. Akayashusha madumu yake, akampakia mama yangu, akausukuma mkokoteni gizani kupita Ukonga, huku anga likiwaka nyuma yetu na binti yangu wa tatu akimshikilia bibi yake asianguke. Alitufikisha kwenye uwanja wa shule moja ambapo watu walikuwa wamejaa. Nilipotaka kumpa chochote alisema, "Hapana Baba, huyu ni bibi yangu pia," akarudi kutafuta watu wake.

Miezi minane baadaye akaja mshenga. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo mwenye adabu. Alisema ametumwa na kijana yule kumposa binti yangu wa tatu. Niliwahi kusikia kwamba wanazungumza, na mke wangu aliniambia kwamba wanazungumza kwa heshima. Nilimkaribisha mshenga kahawa. Alipomaliza maneno yake nikataja mahari: shilingi 1,500,000. Juu yake mkaja wa mama shilingi 200,000 na kilemba shilingi 100,000. Na sherehe ya kumuaga binti iwe ukumbini.

Mwuza maji yule alikuwa akibakiza shilingi 5,000 au 6,000 kwa siku kabla hajala na kabla hajalipa kodi. Kama angeweka akiba shilingi 2,500 kila siku, asiugue hata mara moja, asizike mtu wala asisaidie ndugu, angehitaji siku 720 ili azifikie hizo shilingi 1,800,000, bila ya kuhesabu ukumbi. Hesabu hiyo ni nyepesi, na mimi kiwandani nilikuwa karani wa stoo. Lakini sikuipiga.

Hesabu niliyoipiga ilikuwa nyingine. Mbele ya mshenga nilisema kwamba kiasi hicho ni heshima ya binti. Ndani ya nafsi yangu nilikuwa nikiutazama ukuta wa nyuma ya nyumba, uliopasuka usiku wa mabomu, na deni langu dukani. Jirani yangu alikwisha kuozesha kwa kiasi cha namna hiyo na watu wakamsifu. Kabla mshenga hajamaliza kahawa yake, mimi nilikwisha kuhesabu mifuko ya saruji.

Nami sikuwa mjinga wa dini. Nimeyasikia mawaidha haya tangu utotoni: kwamba Suratun Nisaa, aya ya nne, imeamrisha wanawake wapewe wao mahari yao, wala haikumtaja baba, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu aliyetaka kuoa atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamwoza kwa Qurani aliyoihifadhi, kwamba Sayyidna Ali alimwoa Bibi Fatma kwa thamani ya dirii yake ya vita. Huyo ndiye binti wa Mtume. Mimi binti yangu nilimwona ghali kuliko huyo, na sikumwuliza mwenyewe anataka nini.

Usiku ule mke wangu aliniambia neno moja tu. Alisema, "Baba watoto, mimi ulinioa kwa deni." Nikageukia ukutani nikajifanya nimelala.

Kijana hakukata tamaa. Aliacha mkokoteni, akachukua pikipiki ya mtu kwa mkataba, awe akipeleka hesabu kila siku. Baada ya miezi kumi mshenga akarudi na bahasha. Ilikuwa na shilingi 600,000. Akasema, "Mzee mwenzangu, pokea hizi, nikahi ifungwe. Zilizobaki ziwe deni la mume kwa mkewe. Wewe unajua kwamba sheria yetu inaruhusu mahari kutangulia, kuchelewa, au nusu kwa nusu." Ndiyo, nilijua. Mke wangu aliyekuwa nyuma ya pazia alijua zaidi yangu, maana yeye ndiye aliyedai akalipwa. Nikamwambia mshenga, "Mwambie amalize kwanza." Akaichukua bahasha yake, akaniaga kwa adabu, na kahawa hakuinywa.

Mwaka 2013, baada ya Idi ndogo, binti yangu alitoka asubuhi akiwa na begi moja na ile cherehani ya mkono, ambayo mama yake alimpa. Walipanga chumba Chanika. Zile fedha za mahari zililipa kodi ya miezi sita, kitanda na jiko. Hawakuwa na mzee wa kuwasimamia, kwa kuwa mzee wao nilikuwa mimi.

Nilikasirika kwa miaka sita. Mwaka 2014 akazaliwa mtoto wa kike, sikwenda. Akazaliwa wa kiume, sikwenda. Mke wangu alikuwa akipanda daladala na kapu lake, akirudi jioni nisimwulize ametoka wapi. Na hiyo ndiyo miaka niliyokuwa nikisema sana barazani. Kila nikiwalaani watu wa sogea tuishi, wenzangu walikuwa wakitazama chini, nami nilidhani maneno yangu yamewaingia.

Mwaka 2019 mama yangu alifariki. Asubuhi ya maziko yule kijana akaja, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Alilibeba jeneza, na tulipofika makaburini alikuwa miongoni mwa walioshuka ndani kumpokea maiti. Mtu mmoja akaniuliza yule ni nani. Nikasema, "Ni mkwe wangu." Sheikh wetu alikuwa karibu, akanitazama asiseme neno. Khitima ilipokwisha alinijia nyumbani, tukakaa wawili. Akaniuliza kwa upole, "Mkwe kwa nikahi ipi?"

Sikuwa na jawabu. Nikasema lile nililolisikia kwa watu, kwamba serikali inawatambua. Akasema ni kweli kwa kiasi chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, mahakama itadhani kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Huo ni ulinzi, na mwanamke anaweza kuushika akitaka kutupwa bila ya haki. Na sheria hiyo hiyo haikuifanya ndoa kuwa batili kwa sababu mahari hayakulipwa. "Lakini wewe," akasema, "ulikuwa na nikahi mlangoni, imekuja na bahasha, ukairudisha."

Kisha akanieleza jambo lililonivunja. Nikahi ikifungwa leo, akasema, ni halali na ni wajibu wenu kuiharakisha, ila haisafiri kurudi nyuma. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtoto aliyezaliwa kabla ya nikahi nasaba yake haifuati kwa baba. Hatarithi kwake. Na huyu wa kike, siku ya kuolewa, baba aliyemlea hawezi kusimama kuwa walii wake. Atasimama kadhi au anayekaimu mahali pake. Mtoto hana dhambi yoyote wala hapunguki kitu mbele ya Mola wake. Waliopunguza ni wakubwa.

Wazazi wake wana sehemu yao katika kosa hilo, na hawaikatai. Subira waliyokuwa nayo ilikwisha, na ingekuwa kheri kama isingekwisha. Wangeweza kwenda kwa sheikh wakanishitaki, naye angekuwa na haki ya kunihukumu kwamba namzuia binti bila sababu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo. Kijana alikuwa tayari na shilingi 600,000 mkononi, na mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa. Kwa ajili ya mifuko ya saruji nimeandika jambo katika maisha ya mtoto ambaye nilikuwa sijamwona hata sura.

Nilikwenda Chanika siku ya pili. Nilipiga hodi mwenyewe, bila ya mshenga. Binti yangu alikuwa anashona. Alinyanyuka akaniamkia, "Shikamoo Baba," akaniletea kiti. Nilimwuliza kile nilichopaswa kumwuliza mwaka 2011: "Mwanangu, wewe unataka mahari gani?" Alikaa kimya kwa muda, mkono wake ukizungusha gurudumu la ile cherehani ya mama yake polepole. Akasema, "Ungeniuliza siku ile, Baba, ningesema msahafu na cherehani ya miguu. Na leo ni hivyo hivyo."

Nikahi ilifungwa msikitini kwetu baada ya Isha, mahari ikiwa msahafu mmoja na cherehani ya miguu. Tulikunywa kahawa, tukala tende na halua. Hapakuwa na ukumbi wala kadi. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa nyumbani na wanawake, amebebeshwa sahani ya halua kuipitisha kwa wageni. Akamwuliza bibi yake kwa sauti ya kitoto, "Kumbe leo ndiyo harusi ya mama?" Mke wangu ameniambia kwamba chumba kizima kilinyamaza.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo kila nikipelekewa kadi ya mchango wa harusi huitazama kwa jicho jingine. Siku hizi kuna kamati, mwenyekiti na mweka hazina. Kuna kichenpati, kuna sendofu, kuna ukumbi, msema chochote, mpiga picha, sare za wanawake, na chakula cha kupimiwa kwa sahani. Kadi ina kiwango chake, ya mtu mmoja na ya wawili, na asiyefikia kiwango haingii. Mimi sipingi kuchangiana. Kuchangiana ni mtoto wa kile kibaba cha mchele kilicholetwa kwenye harusi yangu. Ila kile kibaba hakikuwa na kiwango, na aliyekosa mchele alileta kuni akala pamoja nasi. Leo nawaona watu wakichukua mikopo ile iitwayo kausha damu ili wavae sare ya harusi ya shoga yao, na maharusi wakiianza fungate yao kwa kujificha wenye kuwadai.

Wengi watasema kwamba umaskini ndio unaozuia ndoa. Mimi nimeyaona yote mawili, umaskini na majivuno, na nakwambia kwamba umaskini peke yake ulikwisha kuleta shilingi 600,000 mlangoni kwangu. Kilichoirudisha bahasha ni mimi. Na Qurani katika Suratun Nuur, aya ya 32, imetuamrisha kuwaoza wasio na wenzi miongoni mwetu, na wakiwa mafukara Mwenyezi Mungu atawatosheleza kwa fadhila zake. Amri hiyo tumeelekezewa sisi wenye kuoza, nasi tumeigeuza kuwa mawaidha ya vijana.

Basi wewe mwenye binti, mshenga akija, fanya mambo machache ambayo mimi sikuyafanya. Muulize kwanza kijana ana dini na tabia gani. Wa kwangu nilimjua usiku ambao watu walikuwa wakiwasahau hata wazazi wao. Kisha mwite binti yako umwulize anataka mahari gani, na akisema kidogo usimwongezee, kwa kuwa si yako. Kama kuna kilichopungua, kifanye deni la mume kwa mkewe, kiandikwe na mashahidi wajue. Itenge nikahi na sherehe: nikahi ifungwe mapema, na walima ufanywe kwa kadiri ya uwezo, hata kwa mbuzi mmoja au sahani ya tende. Na kama nyumbani kwako kuna dhiki, isimamie dhiki hiyo wewe. Usimtwike kijana wa watu ndani ya jina la binti yako.

Na nyinyi vijana, nakuombeni msilichukue kosa langu kuwa ruhusa. Baba akizuia bila haki, sheikh yupo na kadhi yupo. Chumba cha Chanika ni rahisi kukiingia, lakini mlango wake nimekuonyesheni unapotokea.

Binti yangu hunitembelea. Huniletea kanzu aliyoishona mwenyewe kila Idi, na mumewe huniita Baba. Jambo lile hatujalizungumza tena, na sijui kama amenisamehe au amenisitiri tu. Mjukuu wangu wa kike sasa anasoma vizuri madrasa, na sauti yake ya kusoma Qurani inanikumbusha mama yangu. In shaa Allah ataposwa siku moja. Baba yake, aliyemsukuma mama yangu gizani kwa mkokoteni, atakuwa amekaa pale pale, amevaa kanzu, na wakati wa kuozesha utakapofika atasimama mtu mwingine. Watu watauliza kwa nini. Kama nitakuwa hai nitajibu mimi, asihangaike yeye wala mwanawe.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi wazee, awape watoto wetu sitara, na aziwekee baraka nyumba zinazoanza na kidogo. Amin.